Insha Niliyokuhesabia Maneno

Kaka yangu,

Huku hatujambo, na kazi ya kushona inakwenda. Mpwa wako ana mtihani wa Kiingereza Jumatatu, anakariri zile insha zako za zamani za umaskini na maendeleo ulizomtumia. Zimenirudisha mbali. Ulikuwa ukisoma kwa sauti jikoni, neno moja moja, nami naosha vyombo huku nakuhesabia maneno yasizidi mia tatu. Kiingereza sikijui, lakini sikukosea hata neno moja. Mama naye anatutania, "Huyo msahihishaji wenu ameshakula. Nyie je?" Tunacheka mpaka sufuria inaniponyoka.

Juzi nikamwomba mtoto anitafsirie moja. Chumba kimoja, watu sita, mama aliyekata tamaa, binti aliyeacha shule asiye na faida kwa yeyote. Kaka, binti huyo ndiye aliyekuwa anakuhesabia!

Mtoto akaniuliza, "Mama, hawa watu ni wa kweli? Masikini, walikuwa wanaishije?" Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

Jumapili atakupigia simu akuulize wewe. Mambo ya insha yaache kwanza. Mweleze jinsi bibi yake alivyokuwa anacheka.

Ni mimi, dada yako.