Mmoja Ambaye Hajajibu

6 Januari
Mwaka wa nne na miezi miwili tangu nitoke nyumbani

Kwako binti yangu Kiberiti,

Salamu nyingi kwako na kwa bibi yako. Natumai mmeamka salama leo na siku zote ambazo barua hii itakuwa njiani. Mimi huku ni mzima, kazi tu ndiyo inayonikalia shingoni.

Nimehamishwa. Sibebi zege tena. Sasa mimi ni kibarua wa uwanja wa michezo wa chuo kikuu. Alfajiri naburuta wavu juu ya udongo wa njia za kukimbilia mpaka ulainike, namwagia maji, halafu nasukuma kigari cha chokaa kuchora mistari. Chokaa inaingia puani, inaingia kwenye chai, inaingia kila mahali. Lakini si mzigo wa kichwani, nashukuru.

Mkubwa wangu ni mwanamke, Mwalimu wa Michezo. Wanafunzi wanamwita Mama Filimbi akiwa hayupo. Watu wanasema alipofika hapa palikuwa na nyasi na ng'ombe wa mlinzi, basi. Hakuwa na wakimbiaji, akaenda kusimama mlango wa bwalo kengele ya chakula ikilia, akatazama nani anafika wa kwanza. Nusu ya timu ilipatikana kwenye foleni ya wali. Leo kabati la vikombe limejaa, vingine vinakaa juu ya jokofu la ofisi.

Nilichokiona kigeni ni hiki. Alipopewa nafasi ya kuomba vitu, hakuomba viatu wala basi. Aliomba tangi la maji na muuguzi. Mkuu wa Chuo akamwuliza, "Unafungua timu au zahanati?" Akasema, "Vyote viwili, mheshimiwa. Ukininyima zahanati, nafunga timu."

Na asubuhi akiwapanga wasichana wake mstari hasemi hamjambo. Anapita kwa kila mmoja na kuuliza, "Unaumwa wapi?" Kusema mzima ni marufuku. Lazima utaje kitu.

"Kidole gumba, Mwalimu."

"Mgongo. Godoro la bweni limebaki kitambaa."

"Moyo, Mwalimu. Jamaa kaniacha."

"Huyo ni mzigo umeshushwa. Kimbia."

Wanacheka, nami nacheka na kigari changu. Lakini akimaliza wa mwisho, hapulizi filimbi. Anageuka kuelekea kona ya mwisho ya uwanja, penye benchi la mbao, anasimama kimya. Na wale wasichana wote wananyamaza, hata yule wa "jamaa kaniacha". Kama watu wanaomngoja mmoja ambaye hajajibu. Kisha filimbi.

Benchi lenyewe ni kazi yangu kulifuta. Asubuhi huwa limelowa umande kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho. Pale mwisho pakavu, upana wa mtu mmoja. Hakuna mti, hakuna paa. Nilimwuliza mlinzi, akanijibu, "Wewe futa mbao, bwana. Maswali waachie wanafunzi."

Sasa sikia. Mwalimu aliniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia ninaye mmoja, akitumwa chumvi anarudi kabla sufuria haijajua. Akasema mwezi wa sita anachagua wapya, na kama mtihani umefaulu uje ukimbie mbele yake. Akikupenda, chuo kitakusomesha.

Nataka uje, mwanangu. Halafu naliangalia lile benchi, na sitaki. Niandikie unavyoona.

Baba yako

29 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, bibi mzima, mbuzi mzima, na yule jogoo uliyemchukia bado mzima na anawika saa ileile mbaya.

Barua yako nimemsomea bibi mara mbili. Ile sehemu ya benchi niliiruka, maana angenifungia ndani. Baba, unaona vipi tena? Nitakuja. Matokeo yametoka na nimefaulu, si kwa kishindo lakini nimefaulu. Kila siku nakimbia hadi kwenye machimbo ya mawe na kurudi, na mwalimu wa shule ananipima kwa saa yake ya mkono. Anasema saa imeharibika ama mimi nimeharibika. Bibi anasema nitamaliza nyayo nibaki na vifundo.

Benchi hilo liache lilivyo. Mbao nyingine hunywa maji, nyingine hazinywi. Mimi nikifika huko sitakaa kwenye benchi lolote, hilo nakuahidi.

Mwaka jana uliandika kwamba unakohoa, kisha hukuandika tena. Je, kikohozi kimeisha?

Nikiwa hapa nikifunga kamba za raba,
Binti yako, Kiberiti

20 Februari

Kwako Kiberiti,

Salamu. Hongera kwa mtihani. Nililisoma neno "nimefaulu" mbele ya vibarua wenzangu wote, na mmoja akaninunulia soda, ambaye hajawahi kumnunulia mtu hata ukwaju.

Sasa kaa chini usome taratibu.

Juzi mchana nilikuwa napaka rangi lile benchi. Kikohozi kikanishika, nikainama. Nilipoinuka Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unaumwa wapi, mzee?"

"Mimi mzima, Mwalimu."

"Sikukuuliza hivyo."

Nikafuta mdomo kwa kiganja. Naye akaketi juu ya ndoo yangu ya rangi, mwanamke mwenye vikombe vyote vile, akanieleza. Sikumwuliza.

Mwaka wake wa kwanza alikuwa na wasichana sita na filimbi moja. Mmoja alikuwa bora kuliko wote, wa mwaka wa pili, mtu wa maneno machache. Alasiri moja ya jua kali walikuwa wamekimbia raundi nyingi, na huyo msichana alikuwa amepauka. Mwalimu akamwuliza, "U mzima?" Akajibu, "Mzima, Mwalimu." Akamwambia basi, moja ya mwisho.

"Angesema nini?" Mwalimu aliniambia. "Ukimwuliza mtu hivyo, umeshampa jibu mkononi."

Msichana akafika kona ya mwisho, akakaa chini taratibu, kama mtu anayetoa kijiwe kiatuni. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa uwanja. Akadhani ni uvivu. Akampigia filimbi asimame. Akapiga tena. Mpaka wenzake walipofika kumshika na kumkuta hapumui, Mwalimu alikuwa bado anapiga filimbi.

Ndipo lilipo benchi. Aliliweka yeye. Sheria yake ni kwamba mkimbiaji yeyote akitaka kuketi pale, wakati wowote, hata siku ya mashindano, anaketi, na hakuna binadamu wa kumwuliza kwa nini. Mkuu wa Chuo alisema timu ya namna hiyo itakuwa ya kuketi tu. Lakini msichana anayejua anaweza kuketi hana haja ya kudanganya, na asiyedanganya haumii kijinga, na asiyeumia anakimbia mwaka mzima wakati wa vyuo vingine wako kwenye magongo. Vikombe vyote vile vimetoka hapo, Kiberiti. Yeye havitazami. Anatazama kona.

"Sehemu ile kavu umeiona," akaniambia. Hakuuliza. Nikasema nimeiona. Akasema, "Usiipake rangi."

Sikuipaka.

Tangu siku hiyo namfikiria mama yako. Barua zake zote zilianza, "Sisi huku sote wazima." Ya mwisho ilinifikia wakati nimeshapigiwa simu ya msiba. Nimeifungua mara nyingi mpaka imechanika kwenye mkunjo, na hadi leo imeandikwa wazima. Hakunidanganya. Ndivyo barua zinavyoanza. Ndivyo tulivyofundishwa sote.

Basi katika nyumba yetu neno hilo tuliache. Naanza mimi: naumwa kifua, na asubuhi makohozi yanatoka meupe kama chokaa. Bado kidogo niseme si kitu, nimejizuia.

Sasa wewe. Unaumwa wapi?

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Umenikataza lile neno, nimekaa na kalamu mpaka bibi akaniuliza naandikia serikali.

Pole na kifua. Bibi naye anaumwa kiuno, na kusema kweli sikuwa najua. Nilipomwuliza kwa njia yako alinitazama kama nimemtukana, kisha akaongea mpaka ugali ukaungua.

Mimi naumwa ugoko, mguu wa kushoto. Tangu mvua za mwaka jana. Kuna sehemu ndogo, nikiigusa kwa kidole naruka. Mwanzo ulikuwa unauma nikimaliza kukimbia, sasa unauma nikianza. Naufunga kitambaa chini ya soksi. Bado nakimbia hadi machimboni, na bado nawashinda wavulana.

Usimwambie Mwalimu. Tafadhali, baba. Mwezi wa sita si mbali. Akijua atamchukua mwingine mwenye miguu miwili, nami nitabaki hapa nikichota maji mpaka nizeeke na nichukiane na jogoo kama wewe. Nimekwambia kwa kuwa wewe ni baba yangu, si kwa kuwa ni kibarua wake.

Binti yako, Kiberiti

2 Aprili

Kiberiti,

Salamu kwako na pole kwa bibi.

Nimemwambia. Nilikaa na barua yako wiki nzima mfukoni. Kila asubuhi nilipofika kulifuta benchi nilipaona pale pakavu, nikafikiri, huyu naye alikuwa na baba mahali. Labda baba huyo naye aliandikiwa barua nzuri.

Mwalimu alinisikiliza, akasema "Nimesikia," akaondoka. Hakusema la nafasi yako, nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Kasirika. Nitukane ukitaka, niko mbali. Lakini usikimbie hata hatua moja, na nenda hospitali ya wilaya wakautazame huo mguu.

Baba yako

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na jina langu ulinipa mwenyewe.

Sikwenda hospitali mwezi wa nne. Sikwenda mwezi wa tano. Nilisema utaandika tena kunibembeleza, nawe ukanyamaza, nikajua ama umenikasirikia ama kifua kimekuangusha. Hapo ndipo nikaogopa. Nikaenda ili nipate la kukuandikia.

Walipiga picha. Mfupa una ufa, mwembamba kama unywele. Daktari akaniuliza nilikuwa nimepanga kufanya nini na mguu huu. Nikamwambia kukimbia mbele ya mtu. Akasema, "Angekuona ukivunjika vizuri kabisa."

Basi nina plasta mpaka gotini. Wapya wanachaguliwa wiki ijayo, mimi niko kibarazani nahesabu kuku. Bibi amenichorea ua kwenye plasta, linafanana na buibui.

Naumwa ugoko. Naumwa roho zaidi. Na wewe hujaniandikia unaumwa wapi.

Binti yako

20 Juni
Mwaka wa nne na miezi saba tangu nitoke nyumbani

Kwako Kiberiti, na umsomee bibi barua hii yote bila kuruka,

Salamu. Naumwa kifua, upande wa kulia, na magoti yote mawili. Nilinyamaza kwa sababu muuguzi wa uwanja alinilaza. Mwalimu alinishika mkono kama mtoto mtoro akanipeleka kwa huyo muuguzi. Nimekatazwa chokaa. Sasa nalinda geti na kufuta benchi, na nakunywa vidonge vikubwa kama vifungo vya koti.

Nilitaka kukuandikia kutoka kitandani kwamba naendelea vizuri. Nikaona afadhali nisiandike.

Siku ya kuchagua wapya nilitoka nikasimama kando. Walikuja wengi, na viatu vya kila rangi. Mwalimu akapita na swali lake. Wapya walishtuka, mmoja akasema, "Mimi mzima kabisa, Mwalimu," na wa zamani wote wakageuka kumtazama. Alipofika mwisho wa mstari akageukia kona, kama siku zote.

Sijui nini kilinituma. Nikasikia sauti yangu: "Ugoko wa kushoto, Mwalimu. Yuko nyumbani, ana plasta."

Wasichana wawili watatu walicheka, kisha wakaacha. Mwalimu hakugeuka. Halafu akamwambia msaidizi wake, "Mwandike. Atakuja plasta ikitoka. Ataanza kwa kutembea."

Ndipo filimbi ikapigwa.

Basi nafasi unayo. Lakini ile ahadi yako ya kutokukaa kwenye benchi lolote uivunje kabla hujafunga sanduku. Utaketi, Kiberiti. Utaketi mbele ya watu wote wakikutazama.

Nawe usidhani kuna kitu kimehama hapa. Asubuhi iliyofuata nilikwenda mbio mbio, kwa hizi pumzi zangu, kutazama. Pale mwisho bado pakavu. Huyo haendi popote. Mwanzoni nilikuwa nafuta haraka na kuondoka, siku hizi muuguzi kanilazimisha kupumzika, kwa hiyo naketi. Naketi upande wenye umande, ule wake namwachia, na suruali inalowa. Jana nilimwuliza, kwa sauti kabisa, anaumwa wapi.

Hakujibu. Nilimngoja.

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Nakuja kukuchukua mwenyewe. Plasta ikitoka mwisho wa mwezi wa saba, mnitegemee Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, kwa basi la asubuhi. Ukisikia mtu anakohoa njiani, ni mimi. Usikimbie kuja kunipokea. Kaa hapo hapo kibarazani, nitafika.

Baba yako