Miche ya Kiangazi

Nanganga, Agosti

Kaka Anthony,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila goti la Mama linamsumbua. Mikorosho imetoa maua, tunapulizia salfa.

Ulisema kwenye simu, kutoka huko Mtwara, kwamba reli mpya ya abiria imekwama, haifiki huku mwaka huu wala ujao, tusihangaike na habari za fidia. Sawa. Mbona wapimaji wamepigilia vigingi mpaka katikati ya shamba la Mama?

Jana Sultani wa bodaboda kaleta vijana na miche ya mikorosho. Wameipanda kandokando ya vigingi, imebanana kama mchicha, na jua lote hili! Nani anapanda mikorosho kiangazi, kaka, kama si ya kuhesabiwa fidia? Nikamuuliza Sultani ametumwa na nani. Akasema, "Na mwenye shamba, yuko Mtwara." Mama alikuwa pembeni yangu anachambua kisamvu.

Miche nimeing'oa yote, nimeirudisha kwenye viriba. Kama reli inasubiri, miche nayo isubiri mvua.

Leo asubuhi ndiyo Mama kafungua mdomo. Amesema nimsalimie huyo mwenye shamba.

Mdogo wako,
Agatha