Pikipiki ya Lucky Inayoongea kwa Taa

Mtaa wa Swahili,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
17 Julai 2024

Mpendwa dada Blandina,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Habari za Kibosho? Miguu ya mama inaendeleaje na baridi hii? Mlazimishe avae zile soksi nilizomletea, asije akazitunza hadi Krismasi. Sisi huku ni wazima. Klara mke wangu alisumbuliwa na mafua, sasa amepona na ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo ujue nyumba iko salama.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja tu jina la Nice, wewe umeshawaka. Barua huwezi kuikatiza. Nampa Allen, jirani yangu wa dukani, anakuja huko kesho kutwa.

Uliniagiza nimrudishe binti yako nyumbani kabla mwezi haujaisha. Akina mama wa jumuiya wamekuambia kwamba Nice, aliyemaliza kidato cha sita vizuri, anashinda gereji na vijana wa bodaboda, mikono imejaa grisi. Dada, hawakukudanganya. Alianza hapa dukani kwangu, kuwafungia wateja vitu walivyonunua kwenye pikipiki zao, pale pale kibarazani. Halafu mzee Twaha, fundi wa pikipiki kule Ilala, mtu wa swala tano na mkali kama pilipili, akaniomba binti awe anaenda kwake siku za mapumziko. Nikakubali, nikijua atachoka mwenyewe. Wapi!

Duka langu unalijua. Spea kidogo, urembo mwingi: stika, kava za siti, saiti mira, indiketa za kila sura kutoka China. Nauza, lakini moyoni huwa nawacheka wanaonunua. Pikipiki ni chombo cha kazi, unaivalisha hereni ili iende wapi?

Basi Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nikaenda Ilala kumchukua. Nilikuwa nimejipanga. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno yako, hata yale makali.

Nilipofika, jambo la kwanza kuniziba mdomo lilikuwa pikipiki iliyosimama mlangoni. Nyekundu, tangi limepakwa rangi hadi unajiona meno. Kava ya siti imeshonwa kwa uzi mweupe, rimu zina mistari inayong'aa. Na zile indiketa mpya! Mwanga wake hauwaki na kuzimika kama wa zamani, unatiririka, unakimbilia upande ule pikipiki inakotaka kwenda. Dada, nimeziuza maboksi kwa maboksi na sikuwahi kuiona hata moja ikiwaka. Nilisimama pale nimeduwaa kama mgeni wa mjini.

Nikajizoazoa, nikakumbuka hasira zangu. Juu ya ile pikipiki alikaa kijana ameniziba njia. Nikamwambia, "Kijana, pisha." Kimya. Nikapandisha sauti. Hata kugeuka hakugeuka. Nikasema moyoni, hawa ndio wanaomfundisha mtoto wetu adabu! Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimpe zake, Nice akatokea nyuma ya ukuta, ananifanyia ishara ninyamaze.

"Mjomba, shikamoo. Huyo ni Lucky. Ni kiziwi, hakusikii."

Kisha akamgeukia Lucky na kuanza kuongea naye kwa mikono. Kwa mikono, dada! Haraka haraka, na yule kijana anacheka, anamjibu. Lini amejifunza, na anakula na kulala kwangu? Lucky akaruka chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nice akanieleza. Lucky anajua kuendesha, na macho yake hayabanduki kwenye vioo. Shida ni abiria. Wanapiga kelele "kata kushoto!" naye hasikii. Wanamchapa mgongoni. Siku moja, pale Mchikichini, mmoja alimvuta shati wakaanguka wote wawili. Namshukuru Mungu waliinuka na michubuko tu. Lakini habari zilisambaa, na watu wakaanza kumruka, wanapanda za wenzake. Ana mama wa kulisha kama wewe ulivyo na mama.

Sasa sikiliza alichofanya mwanao. Unakumbuka vile vitaa vidogo vya buluu nilivyokulalamikia kwamba vimenidodea dukani? Kavichukua, akafunga kimoja juu ya kila saiti mira. Nyuma ya siti, pale abiria anaposhika, ameweka swichi mbili. Ukibonyeza ya kushoto, taa ya buluu inawaka kwenye kioo cha kushoto, mbele ya macho ya Lucky. Ukibonyeza ya kulia, hivyo hivyo. Zote mbili, maana yake simama. Na mgongoni mwa koti lake ameandika kwa herufi za kung'aa: SISIKII, BONYEZA TAA. Hata saiti mira zile pana nilizodhani ni mbwembwe, ni za kumwonyesha anayekuja nyuma.

Nikasema, "Hebu nipande nione."

Mzee Twaha akanivalisha helmeti yeye mwenyewe, anacheka chinichini. Tukaondoka. Penye njia panda nikabonyeza kushoto. Taa ya buluu ikawaka, Lucky akaitikia kwa kichwa, indiketa zikatiririka, tukakata kushoto taratibu, na bajaji iliyokuwa nyuma ikatupisha. Sikusema neno hata moja na nimesikilizwa! Nikabonyeza tena kushoto. Na tena. Tukazunguka mtaa ule ule hadi wauza matunda wakaanza kunishangilia, na Lucky mabega yanamcheza kwa kicheko. Nilishuka macho yamejaa machozi. Klara nimemwambia ni vumbi, na wewe mwambie mama hivyo hivyo.

Dada, nina miaka mingi Kariakoo, nimeona vitu vya kila aina vikishushwa kwenye makontena. Kitu kama hiki sijawahi kukiona. Na aliyekitengeneza ni mtoto uliyembeba mgongoni.

Kwa hiyo simleti. Nimesema. Mzee Twaha anataka amfundishe umeme wa pikipiki mwanzo hadi mwisho, nami nitamtafutia chuo cha ufundi apate na cheti juu yake. Lakini wewe ndiye mama yake, na bila neno lako hataanza. Hilo kaniambia mwenyewe. Tangu uache kupokea simu zake, anakula nusu sahani.

Msalimie shemeji Heriel, na mama, na majirani wote, hata hao wa jumuiya. Kahawa iwastawie mwaka huu, na Mungu awafunike kwa mkono wake.

Jioni ile, tukirudi nyumbani, Nice aliniuliza swali moja tu: "Mjomba, siku mama akija Dar, atakubali kupanda?"

Nimemjibu kwamba utapanda. Tafadhali, dada, usinifanye mwongo kwa mtoto.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Onesphory