Ratili Tisa za Thobias

Jumatatu, 1 Septemba 1952

Leo ni miezi saba na siku tatu tangu nitoke nyumbani Kibondo. Nimehesabu mara mbili. Mwandiko ni mbaya kwa sababu kidole cha shahada kimevimba. Nyundo ilikosea njia.

Thobias ametoka hospitali ya kambi. Ni shemeji yangu, mdogo wake Generosa, mke wangu. Mimi ndiye niliyemleta huku mgodini. Majuma matatu alihara damu. Leo amesimama mlangoni akiegemea fimbo, na fimbo ndiyo iliyokuwa nene.

Dresa, msaidizi wa daktari, amempima: ratili mia na sita. Sheria ya mgodi ni mia na kumi na tano, chini ya hapo mtu hashuki shimoni. Atapimwa tena Jumamosi ya tarehe ishirini. Asipofika, mkataba unakatwa na anapandishwa lori la Jumatatu. Lori linaishia Ushirombo. Toka pale mpaka kwetu ni siku tano za miguu, pori tupu na mbung'o. Kwa miguu ile! Leo kutoka chooni mpaka kitandani amepumzika mara mbili.

Mama mkwe alisema neno moja tu siku tulipoaga. Nimrudishe mtoto wake kama nilivyomchukua.

Ratili tisa. Siku kumi na tisa.

Jumanne, 2 Septemba

Dresa anasema nyama. Supu ya mifupa kila siku, mtu atanenepa kama ndama.

Thobias hali nyama. Alipokuwa amelala hospitali, Maganga, jirani yangu wa kitanda, alimpenyezea mizizi ya bibi mmoja mganga, Mayu Mageni, wa kijiji cha chini. Damu ikakoma. Dresa anasema ni sindano zake. Mimi sijui, nilikuwa shimoni. Lakini Thobias anajua, na mizizi ile ina mwiko: hakuna nyama, hakuna samaki, wala chakula cha chungu kilichowahi kupikiwa nyama, mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Akivunja, ugonjwa unarudi na kaka yake.

Nimemwambia ale tu, Mageni hatajua. Akasema, "Tumbo litajua, shemeji."

Basi. Maharage, njugumawe, karanga. Vinanenepesha pia. Shida ni kuvipika. Njugumawe zinataka nusu siku motoni, na zamu yangu mekoni ni nusu saa alfajiri na nusu saa jioni. Watu ishirini, meko moja. Tangu banda la tatu liungue, kuacha moto saa za kazi ni marufuku. Na Thobias hawezi kukaa akilinda chungu, analala kama gogo.

Jumatano, 3 Septemba

Shimoni nimefikiri kutwa. Mawe hayahitaji akili.

Nikakumbuka masista wa misheni yetu, nilipokuwa darasa la tatu — ndipo shule yangu ilipoishia. Jumapili hawakuwasha moto mpaka misa iishe. Chungu kilichemshwa alfajiri, kikafunikwa, kikazikwa ndani ya sanduku la majani makavu. Baada ya misa kilikuwa kimeiva. Sisi tulidhani ni sala.

Athanas wa stoo ya baruti amenipa sanduku tupu la mbao, zuri, lina mfuniko. Ubavuni limeandikwa maneno ya Kizungu kwa rangi nyekundu. Majani makavu hapa hakuna, mbuzi wameyamaliza. Lakini Maganga, Msukuma wa upande wa Kagongwa, analalia mto mkubwa wa fifi — pamba chafu waliyoikataa sokoni. Nimemwomba. Akasema mto ni mto. Nikamwambia atapata bakuli kila siku. Akauliza supu ya nini. Nikamtajia. Akasema supu isiyo na nyama ni maji ya kuoshea vyombo. Kisha akautoa mto.

Alhamisi, 4 Septemba

Imeshindikana. Saa tisa nimefungua sanduku: njugumawe ngumu kama kokoto za shimoni. Zilikuwa hazijalowekwa. Mtu aliyesoma!

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeloweka tangu jana. Alfajiri nimechemsha nusu saa, nimefukia, nimekwenda kazini na moyo mweupe. Nimerudi — vuguvugu, nusu mbichi. Maganga yuko zamu ya jioni, kutwa anashinda chumbani. Amekiri alifunua mara nne. Kunusa tu, anasema, mto ni wake.

Nimemweleza kwamba kila ukifunua, joto linatoka na halirudi. Akasema hata mke wake wa kwanza alikuwa hivyo. Nimefunga sanduku kwa kamba, mafundo saba.

Jumamosi, 6 Septemba

Imeiva!

Niandike nisisahau. Njugumawe viganja vinne na maharage viganja viwili, vilale majini usiku kucha. Alfajiri vichemke kwa nguvu nusu saa pamoja na magadi — kipande kama ukucha, si zaidi, ukizidisha ni sabuni. Kisha boga, na michembe, yaani viazi vitamu walivyovikata na kuvianika huku, vinauzwa kila mahali. Majani makavu ya kunde. Karanga zilizotwangwa mpaka zitoe mafuta, nyingi. Chumvi. Funika, funga kwa gunia, zika ndani ya pamba, funga kamba, nenda kazini.

Saa tisa mvuke umenipiga usoni. Kijiko kimesimama chenyewe. Thobias amekula mabakuli mawili bila kusema kitu, kisha akalia kidogo. Nikamuuliza kama ni chumvi. Akasema siyo chumvi.

Maganga amekula lake. Anasema bado siyo supu. Akaramba bakuli.

Jumanne, 9 Septemba

Siku ya nne sanduku linafanya kazi. Thobias amekwenda chooni na kurudi bila fimbo.

Tatizo ni posho. Mgonjwa aliyetoka hospitali anapewa nusu. Nusu hainenepeshi hata kuku. Kwa hiyo maharage yangu na karanga zangu zinaingia chunguni, na bakuli langu analila yeye. Anauliza, mbona huli, shemeji? Namwambia tunakula kulekule shimoni, siku hizi wanatupa uji mzito. Ameamini. Hajashuka mwezi mzima, anajuaje.

Mimi ugali na chumvi. Nyama yangu ya Jumamosi nilibadilisha na Maganga, akanipa karanga. Ugali si mbaya. Unakwenda chini, unakaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya kuandikwa.

Asubuhi askari wa kambi walikuwa wanakagua vitanda, wanatafuta pombe. Sisi tuko shimoni. Maganga alikuwa amekwenda kunyolewa. Thobias amelala. Askari mmoja, Maige, kainama chini ya kitanda changu, kaona sanduku la baruti limefungwa kamba mafundo saba. Kaligusa. La moto!

Maige alipiga kelele moja tu, wanasema, lakini ilitosha. Banda zima lilitoka nje, na mabanda ya pili, na wanawake waliokuwa wanauza michembe. Wakamsahau Thobias ndani. Akaamka peke yake, akatoka mlangoni akipiga miayo, akakuta watu mia mbili wamelala kifudifudi uwanjani. Akadhani ni sala ya Waislamu, akarudi ndani kwa heshima.

Bwana Kambi akamwita Athanas. Athanas akaingia, akafungua fundo moja moja, watu wanahesabu kwa sauti. Akafunua. Akatoka mlangoni akasema, "Njugumawe."

Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Bwana Kambi hakutaka kusadiki, akaamuru Maige aonje mbele ya watu, isije ikawa baruti iko chini. Maige akachomoa kijiko chake mfukoni, akachota mpaka chini. Akasema haina nyama lakini mtu anaweza kuishi. Akachota tena. Thobias akamuuliza, "Afande, hicho kijiko asubuhi kimekula nini?"

"Utumbo."

Basi. Chungu kimekufa. Thobias hakugusa tena. Maganga na Maige wakamaliza chote, wamekaa kitako juu ya ule mto, nilipofika saa tisa wanalamba vidole. Maige kaniomba radhi vizuri sana. Kasema Bwana Kambi ameniruhusu sanduku, ila nifute maneno mekundu.

Thobias leo amekula boga bichi na karanga za mkononi.

Jumamosi, 13 Septemba

Baada ya kazi nimetembea mpaka kwa Mama Justa anayefinyanga, ng'ambo ya mto mkavu. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza kama mimi ni yule wa baruti. Habari inatembea kuliko mimi.

Nilimweleza chungu kiwe kipya, kisichoonja nyama hata kwa jirani yake. Akasema vyungu vyake vina adabu. Njiani nimekaa chini mara tatu. Sijui kwa nini, si mbali.

Nimefuta maneno mekundu kwa jiwe. Bado yanaonekana.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada tumekwenda dukani kule njia panda, wana mzani wa karanga. Mwenye duka hakupenda, Thobias si karanga. Maganga akamwambia ndiye karanga peke yake iliyobaki wilaya nzima. Mwenye duka akacheka, akampandisha.

Mia na kumi na moja.

Zimebaki nne. Siku sita. Supu ya leo ina ladha ya udongo, lakini nzito.

Alhamisi, 18 Septemba

Sina la kuandika. Nimechoka. Leo nyundo imenidondoka mara mbili, msimamizi akaniuliza kama nimekunywa. Laiti.

Thobias ana mashavu. Amemtania Maganga kwamba anakoroma Kisukuma. Maganga akasema, tazama, maiti ina mdomo.

Jumamosi, 20 Septemba

Thobias amepanda mzani saa nne, na nguo ya ndani tu. Dresa kagonga chuma mara mbili, hakuamini. Mia na kumi na sita! Maganga kapiga vigelegele kama mwanamke wa arusi. Dresa kasema, mmeona, nyama ni dawa.

Tulikuwa tunatoka. Dresa akasema ngojeni, daktari ameagiza chumba kizima kipimwe, kwa kuwa ugonjwa ulilala humo. Mmoja mmoja.

Maganga, mia na hamsini na moja.

Mimi, mia na kumi na mbili.

Februari niliandikwa mia na ishirini na nane. Dresa akatazama kitabu, akanitazama mimi. Akauliza naumwa nini. Hakuna. Ninakula nini? Ugali. Na nini? Nikasema na chumvi. Thobias alikuwa anafunga kifungo cha shati. Mikono ikasimama palepale.

"Na uji wa shimoni?" akaniuliza.

Maganga, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Uji gani?"

Karani kaandika jina langu kwenye orodha ya lori. Mimi nilicheka, nikashindwa kuacha. Nikaomba nipimwe tena. Dresa si mtu mbaya. Kasema Jumatatu saa kumi na mbili, kabla lori halijaondoka. Zikipungua hata nusu ratili, napanda.

Ratili tatu. Siku mbili.

Jumapili, 21 Septemba

Thobias hasemi nami tangu jana. Anapika. Jana jioni alikwenda mekoni mwenyewe, akagombana na watu akapata zamu mbili. Alfajiri ameniamsha na bakuli. Nikasema nimeshiba.

"Sikukuuliza."

Nimekula mabakuli matano tangu asubuhi. La sita liko mbele yangu, ndiyo maana mistari inapanda. Maganga amenikataza kazi zote, hata kuinuka. Anashauri kesho ninywe debe la maji kabla ya mzani. Maige amekuja kutoa pole, akashauri mawe mfukoni. Nikamkumbusha kwamba tunapimwa bila mifuko. Akafikiri, akashauri mahali pengine. Tumemfukuza.

Niandike la kweli, humu hakuna anayesoma. Lori lile linaelekea kwetu. Siku ya sita ningekuwa mlangoni kwa Generosa. Jana karani alipoandika jina, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Halafu nikamwona Thobias na ile mikono yake imesimama kwenye kifungo. Jumanne anashuka shimoni. Nikiondoka, anashuka na watu asiowajua. Na mama mkwe atauliza. Nitamjibu nini, kwamba nimemwacha mnene?

Sijui nautaka mzani useme nini. Nimefunga nguo zangu kwenye shuka. Nimezifungua. Sasa zipo nusu.

Thobias amesimama hapa na chungu cha kesho, njugu zimeshalowekwa. Neno la pili kutwa: kesho nitarudi saa ngapi kutoka shimoni, ajue atie maji kiasi gani.

Nimemwambia saa tisa na robo.

Ametia maji.