Banda Nililoezeka Bati

Mjukuu wangu Salma,

Huku nyumbani wote hawajambo, ila mimi mwili umechoka. Umeuliza banda la sungura uliezeke bati au makuti. Ezeka makuti.

Nilipokuwa kijana Kiwangwa niliezeka bati, watu waone banda la mwalimu. Dada yangu Zuhura akanicheka: "Kaka, umewajengea sungura au majirani?" Adhuhuri moja ya jua kali tukawakuta wote wamekufa. Nilijua ni joto. Nikamwambia wameuawa na majani yenye umande aliyowalisha asubuhi. Alilia, na tangu hapo hajafuga hata kuku.

Ukija, pitia kwanza kwake Mlingotini, umsomee barua hii. Kisha mpe simu, nimwombe radhi ningali na kauli.

Babu yako