Mgeni wa Nne

Jumanne, 2 Septemba

Mazoezi ya asubuhi. Kutoka nyumbani Mwembesongo hadi uwanja wa shule na kurudi, mara tatu, begi lenye matofali mawili mgongoni. Majirani wananicheka. Wacheke tu. Goti la kushoto linalalamika kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nimelichua kwa dawa, nyumba nzima inanuka, mke wangu amefungua madirisha yote.

Ijumaa napanda Lukwangule, ule uwanda wa juu kabisa wa Uluguru. Nina miaka sitini na saba. Nilikuwa fundi wa reli hapa Morogoro hadi nilipostaafu, milima naiona kila siku nikinawa uso, na sijawahi kuikanyaga. Kisingizio changu kilikuwa kimoja: mimi Mpare, milima yangu niliiacha kwetu.

Jumatano, 3 Septemba

Niandike ukweli. Siendi kwa ajili ya milima. Naenda kwa ajili ya Namsifu, kitinda mimba wangu.

Miaka mitatu anapika kwenye safari za watalii. Wanaume wanaongoza, yeye anabeba sufuria. Cheti cha kuongoza anacho, amekipata kwa jasho lake. Sasa ofisi yao imempa safari moja ya majaribio. Wageni wakirudi watajaza fomu. Wakimkubali, ataongoza. Wakimkataa, arudi kwenye sufuria. Sharti: wageni wasipungue wanne. Wakapatikana watatu.

Wa nne ni mimi. Nimelipa kama mgeni yeyote. Ofisi inajua, na fomu yangu haitahesabiwa. Wageni wenzangu hawajui, na Namsifu hataki wajue. Anasema wakijua watamwona mtoto aliyekuja na baba yake. Amenipa amri: huko nisimwite Mama.

Hapo ndipo pagumu. Amerithi jina la marehemu mama yangu. Tangu yuko kwenye nepi namwita Mama. Leo nimejizoeza mbele ya kioo: dada Namsifu, dada Namsifu. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 5 Septemba. Nyandira

Tumefika saa nane mchana. Hadi Mzumbe lami tupu, baada ya hapo ni kupanda na kona. Asubuhi kituoni Namsifu alinisalimia, shikamoo mzee, mkavu kabisa, kama hajawahi kuniona. Nikaitika marahaba. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Wenzangu. Daktari wa meno kutoka Dar, umri hamsini hivi, viatu vipya, tumeshasimuliwa Kilimanjaro yake yote. Rehema na Zuhura, walimu kutoka Tabora, wapole, wanapiga picha kila kitu hadi mbuzi.

Mchana Namsifu alitupitisha mashambani. Kabichi, njegere, viazi, mashamba yamesimama wima hata huelewi mtu analima ameshika nini. Akaeleza mifereji, akaeleza nani anafungua maji siku gani, akaeleza kwamba ardhi huku hurithiwa upande wa mama. Sauti imenyooka. Daktari akauliza swali la kumtega kuhusu mawe. Akajibiwa, tena kwa ufupi. Mimi nilidhani mwanangu anajua pilau tu!

Tunalala kwa Bibi Felista, mkulima anayepokea wageni nyumbani kwake, karibu na kanisa. Zuhura alipojitaja kuwa Mnyamwezi, lo, Bibi alimvua kofia palepale akaivaa mwenyewe. Watani hao, Waluguru na Wanyamwezi. Zuhura naye akachota njegere kwenye ungo wa Bibi, akajaza mifuko yote ya koti. Daktari alidhani ni ugomvi, akasimama kuamua. Tulivunjika mbavu.

Kisha Bibi akamuuliza Namsifu lukolo lake, yaani ukoo. Akautaja wa mama yake. Bibi akapiga vigelegele. Wetu huyu! Akamkumbatia, akamwita mjukuu, akamletea maziwa ya moto.

Mimi nimekaa pembeni na kikombe changu. Hakuna aliyeuliza ubini. Kwa Waluguru mtoto ni wa mama, hilo nililijua siku nilipooa. Nimelisha, nimesomesha, nimeuguza. Imeniuma. Naandika hivyo hivyo: imeniuma.

Jumamosi, 6 Septemba. Nyandira

Nimefanya upumbavu leo.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mashamba yakaisha, msitu ukaanza. Miti ina ndevu, matope yananyonya buti. Tulivuka kijito, maji ya kifundo cha mguu. Namsifu alisimama pale, akachomeka kijiti ukingoni maji yalipoishia. Nikajiuliza anacheza nini.

Saa nne ukungu ukashuka. Nilimwona Rehema mbele yangu, nikamwona koti tu, kisha sikumwona. Mvua ikafuata, nene, ya baridi. Namsifu akatukusanya. Akatazama juu kwa muda mrefu. Akasema tunarudi.

Daktari akawaka. Simu yake inaonyesha imebaki kilomita moja na nusu. Hakutoka Dar kuja kutazama ukungu. Fomu ataijaza, na ataijaza vizuri, ofisi imjue mwongozaji wake. Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema na watu waliofungua midomo, wasioweza kujibu.

Na mimi nikaingiwa na hofu. Siyo ya mvua, ya fomu. Nikaona sufuria. Nikaona miaka mingine mitatu ya kumenya viazi. Kilomita moja na nusu ni nini? Ni hapa na stesheni. Nikafungua domo langu mbele ya wote:

"Mama, twende tu. Tukifika juu watakupitisha."

Rehema akanitazama, akamtazama Namsifu, akanitazama tena. Pua ni ileile, hata kipofu angeiona. Daktari akatoa kicheko kifupi. Aa, kumbe tumeletewa familia.

Ningeomba ardhi inimeze, lakini kwa matope yale ingenimeza kweli.

Namsifu hakupandisha sauti. Alisema: "Ndiyo, huyu ni baba yangu. Na yeye pia anarudi." Akageuka, akatangulia. Walimu wakamfuata. Nikafuata. Nyuma, baada ya kitambo, nikasikia viatu vipya.

Tulipofika kijitoni sikukitambua. Maji meusi, yanakimbia, yanavuta majani na matawi. Kile kijiti hakionekani. Namsifu alifunga kamba kwenye mti wa huku, akavuka peke yake, maji yamemfika mapajani, akafunga ng'ambo. Kisha akarudi katikati akasimama humo humo, akatuvusha mmoja mmoja. Zuhura alikuwa analia. Daktari aliteleza, akadakwa na mkono wa Namsifu kwenye ukosi wa koti. Mtu wa kilo tisini yule! Mimi nilivuka wa mwisho. Aliniambia weka mguu hapa. Nikaweka. Sasa hapa. Nikaweka.

Tulipokuwa juu ng'ambo tukageuka. Ndani ya muda wa kufunga kamba, maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mizizi ya ule mti. Tungeendelea juu, usiku huu tungelala msituni, tumelowa. Goti langu lisingeamka kesho, na labda si goti tu.

Ni saa kumi na mbili jioni. Bibi Felista ameshapata habari zote kwa Zuhura. Ameniletea kigoda chake mwenyewe na beseni la maji ya moto, akaniita mkwe, akanigombeza kwa kukaa siku nzima kama msafiri wa kituoni bila kujitaja. Namsifu alikuja kutazama goti. Nikamwambia anisamehe.

"Baba, siku nyingine usinisaidie."

Nimejibiwa vizuri. Nimebishana na mwanangu mbele za watu, nimeshindwa, na sijawahi kushindwa kwa raha hivi. Mama yangu alikuwa hivyohivyo. Akisema hapana, hata baba alikuwa anavaa kofia anatoka nje.

Jumapili, 7 Septemba

Misa ya asubuhi ilisikika hadi chumbani, wanaimba kwa sauti tatu. Mimi Mlutheri nikaimba nao nikiwa nafunga begi. Mbingu imetakata, Lukwangule inaonekana yote, kama inatukebehi. Daktari aliitazama sana.

Fomu tulijaza ndani ya gari. Walimu waliandika harakaharaka wakinong'onezana. Daktari aliandika kutoka kijiji cha Langali mpaka Mzumbe, ameikumbatia karatasi kama mwanafunzi anayeogopa kuigiliziwa. Aliigeuza, akaandika na nyuma. Namsifu alikaa mbele na dereva, hakugeuka hata mara moja. Shingo yake nimeijua. Anaogopa.

Yangu haihesabiwi lakini nilijaza. Kwenye maoni niliandika: Alinikatalia mbele ya watu. Alikuwa sahihi.

Jumatano, 10 Septemba

Hakuna simu.

Namsifu amefua, amepiga pasi, amefua tena vilivyo safi. Mke wangu amenikataza kuuliza. Nimepita nje ya ofisi yao mara mbili, kwa bahati mbaya tu. Mara ya pili mlinzi alinisalimia kwa jina.

Namchukia yule daktari. Sijui kaandika nini nyuma ya karatasi. Nimeshaandaa maneno ya kumwambia siku nitakapokuwa na jino bovu.

Ijumaa, 12 Septemba

Amepita!

Alikuja nyumbani saa tano, akasimama mlangoni. Akanyanyua tu kitambulisho kipya cha mwongozaji. Mke wangu alipiga kelele hadi jirani akaja na ndoo akidhani kuna moto. Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Machozi yametoka, na sioni haya, machozi ni yangu.

Ofisi ilimsomea fomu zote. Walimu wamemwaga sifa ukurasa mzima, Zuhura kaongeza kwamba anadai kofia yake. Daktari: ukurasa wa kwanza ni hasira tupu. Chakula, viti vya gari, ukungu, baba wa mwongozaji. Nyuma aliandika kwamba aliporudi Dar aliwasimulia nyumbani, ndipo akatetemeka. Hapana, nimekosea, fomu aliijaza garini. Hiyo ya kutetemeka ni barua, aliituma ofisini baadaye. Nyuma ya fomu aliandika hivi, Namsifu ameikariri: Nilikasirika kwa sababu msichana alinirudisha. Desemba nataka kuja na mke wangu na watoto. Aongoze huyu au nisije.

Basi, jino langu nitampelekea yeye.

Jumatano, 17 Septemba

Namsifu yuko juu, ana wageni sita, analala kwa Bibi Felista. Nyumba imetulia. Asubuhi nilikwenda sokoni kununua njegere.

Wakulima wa kutoka Nyandira walikuwa wameshusha mizigo. Mama mmoja nisiyemjua alinitazama, akamuuliza mwenzake kitu kwa Kiluguru, kisha akaita kwa nguvu: "Baba Namsifu! Shikamoo, Baba Namsifu!"

Nilichelewa kugeuka. Mtaani mimi ni Baba Eliya. Eliya ndiye wa kwanza, mwanamume, yuko Mbeya, na tangu azaliwe sijaitwa jina lingine na mtu yeyote. Hata kwenye kadi za harusi wanaandika Baba na Mama Eliya. Nikaitika marahaba. Yule mama akanijazia mfuko, akakataa kupima.

Sikumsahihisha. Nilirudi taratibu, nikipitia njia ndefu, nikisalimia watu ambao kwa kawaida siwasalimii.

Nilimkuta mke wangu anachambua mchele uani. Nikamweleza, kwa madaha, jinsi nilivyoitwa sokoni. Hakuinua kichwa.

"Umechelewa," alisema. "Mimi ni Mama Namsifu tangu Jumatatu."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, tukamenya njegere.