Maji Baridi Juu ya Maji ya Chumvi

Mpendwa Baba Zena,

Binti yetu anataka kukuchimbia kisima. Aliniambia juzi, ameketi pembeni ya kitanda changu hapa kwake Tegeta: kisima cha sadaka kando ya msikiti, chenye kibao cha jina lako, ili kila atakayekunywa akuombee. "Baba alikuwa mtu wa maji, Mama," akasema. Niligeukia ukutani. Alidhani ni maumivu ya mgongo.

Ndiyo maana nakuandikia, mume wangu, nikiwa bado naweza kushika kalamu. Barua hii naiacha wazi. Zena aisome, na yeyote wa mtaa wetu wa Kinondoni aliyebaki hai.

Unakumbuka tulipooana? Wewe mtu wa Tunduru, umekulia maji ya mto, ukamsikia bibi yangu akikutuma maji baridi kisimani. Ukateka, ukatumbukiza mkono kwenye ndoo iliyokwisha kupigwa na jua la mchana. "Haya nayo mnayaita baridi? Bibi, nyie watu wa pwani mnaumwa!" Naye bibi akakujibu kwa utani, "Mume wangu, baridi ni yale yasiyo na chumvi. Ukiyataka ya kutetemesha, rudi kwenu."

Ukataka kujua inakuwaje maji yasiyo na chumvi yapatikane karibu hivyo na bahari. Nilifurahi mno. Nilikuwa mwalimu wa sayansi, na pale nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Nikatia maji ya chumvi kwenye bilauri, nikayatia wino wa shule, kisha nikamimina maji baridi juu yake kwa mgongo wa kijiko, polepole. Yakatulia juu, meupe, na ya buluu yakabaki chini. Nikakwambia ndivyo ilivyo chini ya miguu yetu. Jua huyainua maji ya bahari na kuiacha chumvi. Mvua hushuka bila chumvi, mchanga huimeza, na maji yake huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza ardhini, kwa kuwa yenyewe ni mepesi zaidi. Nikakupa bua la jani la mpapai. Ukanyonya taratibu, ukasikia utamu. "Sasa vuta kwa nguvu," nikasema. Buluu ikapanda, ukatema, ulimi umebadilika rangi, ukacheka hadi ukakohoa. "Mwalimu, umeniua!"

Ilipokuja miaka ya kujitegemea, mtaa ukaamua kuchimba kisima chake. Wewe ulikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Mimi nilichagua mahali, nikasema na kina kiishie wapi. Wanaume mlichimba kwa zamu, wanawake tukabeba mchanga kwa karai. Maji yalipotoka, bibi ndiye aliyeonja wa kwanza, akapiga kigelegele. Niliwaomba jambo moja tu: yatekwe kwa ndoo.

Halafu likaja jengo la ofisi ya mtaa. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kulifungua, na kuta hata madirishani hazijafika. Wakubwa wakakuomba maji ya kufyatulia matofali, wakaleta pampu. Nilikufuata kibarazani.

"Baba Zena, unalikumbuka lile bua?"

"Nalikumbuka. Ni siku chache tu. Wakubwa wale, mie nitawaambiaje hapana?"

Ikanguruma mchana kutwa, siku baada ya siku, mpaka ofisi ikaezekwa.

Chumvi ikapanda. Chai haikunyweka, sabuni ikakataa kutoa povu, maharage yakagoma kuiva. Watu wote waliiona ile pampu, ila hawakujua maana yake. Wewe ulijua. Mkutanoni mzee mmoja akauliza kosa ni la nani. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake wenzangu, Zena mgongoni. Nikakutazama. Ukasema, "Mahali palichaguliwa na Mwalimu. Sisi tulifuata elimu yake." Kisha ukaanza kuangalia viatu vyako.

Toka siku ile nikawa Mwalimu Chumvi. "Mwalimu, tugaie ndoo moja tuunge mchuzi!" Sokoni, msibani, hata darasani nilikuta jina hilo limeandikwa ubaoni. Ningeweza kwenda mkutano uliofuata na bilauri na wino wangu. Sikwenda, kwa sababu ningekuvua nguo mbele za watu. Nilingoja uende wewe. Nilingoja huku nakupikia, huku nakufulia kanzu kwa maji ya kununua ya mkokoteni.

Ulipougua uliwaita majirani ukawaomba radhi mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu ukanishika mkono. "Mama Zena, nisamehe yote." Nikajibu, "Nimekusamehe," na chumba kizima kikaitikia amina.

Hili ndilo ninalolikiri leo: ulikuwa msamaha wa mdomo. Nilikuwa tayari kusamehe pampu. Nilikuwa tayari kusamehe hata ule mkutano. Hukuvitaja. Ulisema yote, kama mtu anayefagia uchafu bila kuutazama, nami nikakujibu vivyo hivyo.

Jana nilimweleza Zena. Akauliza, "Mama, lakini ulimpenda?" Nikamwambia, ningekuwa sikumpenda ningekwisha sahau. "Basi kisima tukiache?"

Hapana. Watu wa hapa wana kiu na hawana kosa. Nimemwambia wachimbe, pampu iwe ndogo na ipumzishwe. Ila kibao kisiwekwe. Mungu akitaka kukuandikia thawabu, hahitaji kusomewa jina lako ukutani. Mimi nikiruhusu liandikwe, nitakuwa nimeutia sahihi ule uongo, na niliubeba miaka yote bila kuutia sahihi.

Daktari hanielezi mengi, lakini naona anavyomtazama Zena. Kwa hiyo tutaonana karibuni. Nikifika usinipokee kwa "nisamehe yote." Taja pampu. Taja mkutano. Sema ulikuwa unajua. Safari hii nitakujibu kwa moyo.

Mkeo,
Mama Zena